Kichupa cha CD3

…na bado anauliza, Bienaimé, hageuki kwenye mashine, "Maman Mauwa, tube zote za damu ziko na CD3, hein?", swali dogo tu, kama kuuliza mvua imekatika, na nukta za bluu zinadondoka kwenye ekrani, nyingi, anafurahi, "ona, maman, huyu mgonjwa yuko na NK mingi," zile chembe nyeupe zinazoua ugonjwa, Mungu wangu, si NK zote hizo, na ninayejua ni mimi peke yangu, kwa sababu Ijumaa nilikimbilia maombi kule barabara ya Chaussée de Wavre nikasahau kichupa cha CD3, dawa ya rangi ya kupaka chembe, juu ya meza, kwenye mwanga, na rangi yake ikikaa kwenye mwanga inakufa, asubuhi hii nikakitupa, sikusema, nikatengeneza tube bila yake, nikajiambia CD56 inatosha, ndiyo alama ya kuzikamata NK, ile CD3 ni ya kukataa zisizo NK tu… ya kukataa tu, wakati yeye mwenyewe alinichorea kwenye karatasi ya mkate, taratibu, bila kucheka shule yangu ndogo, "chembe T nazo, zile zenye CD3, zingine zinavaa CD56, maman, donc NK unaijua kwa kile iko nacho na kwa kile haina," nami nikafikiria kwangu Ganshoren, jirani wa chini anavyonijua kwa kile sina tu, yule hana bwana, hana mutoto, hana mugeni… jana kanisani nilikikumbuka kichupa, nikasimama kuungama, mdomo ukasema nilimkasirikia Maman Sephora juu ya kiti, wakajibu amina, kiti, Bwana, nilikuletea kiti… saa sita hesabu hii inaenda kwa daktari, na mwenye damu yuko kitandani anangoja dawa, lakini nikisema, huyu naye ataniita Madame kama wengine, jengo zima hakuna mwingine wa kuniita maman, siku zingine ndilo neno pekee ninalorudi nalo nyumbani… "Maman?", hajageuka, nukta zinadondoka, na hilo jina, peke yake, ni kama CD56 peke yake, linakamata hata asiye mwenyewe, mama gani anamwacha mutoto apeleke uongo bila kujua… kopo la njano la taka liko karibu na mguu wangu, kichupa kiko juu juu, hata sikukifunika, Bwana, nainama nikitoe, akione.