Mshumaa wa Kreszenz

Kreszenz hakulala kwa wasiwasi. Bintiye Notburga alikuwa msichana wa kwanza kijijini kuingia mashindano ya kuteleza thelujini, na mama alikuwa na hakika kwamba atavunjika mguu. Alfajiri akachukua mshumaa uliobarikiwa kanisani, ule wa kuwashwa radi zikipiga ili kuikinga nyumba, akausugua chini ya mbao za kutelezea za bintiye ili zimlinde.

Akina mama, msithubutu! Nta ile iliteleza kuliko siagi. Notburga aliporomoka mlimani, akawapita wanaume wote, akakata utepe wa mwisho, akampita padri aliyesimama kutazama, akatumbukia kwenye rundo la samadi la mjomba wake.

“Mwanangu, u mzima?” Kreszenz alipiga yowe.

Kichwa kikachomoza, kikicheka. “Mzima, mama! Mshumaa umebaki? Jumapili kuna mashindano mengine!”