Kidole Nje ya Mnyororo

Jumatatu asubuhi, jikoni kwake Ndau, Bi Huwaida alikuwa akikuna nazi alipoona kidole gumba chake cha kulia hakipo. Hapakuwa na damu. Akamaliza nazi kwa vinne vilivyobaki, kisha akatoka kukifuata kwa Bwana Jamaludin.

Pesa za boti ya kupeleka wajawazito hospitali ya Faza zilikuwa kwenye pochi ya kripto yenye wenye funguo watatu: yeye, Bi Fahima na mwenyekiti wa kikundi, Jamaludin. Sahihi mbili zikitimia, pesa hutoka. Kuidhinisha kwenye mnyororo, lile daftari la wazi la kripto, kuna ada, na kila mtu huona. Basi wao, wajanja wa kukwepa ada, hutia sahihi nje ya mnyororo, kwenye simu tu, na mwenyekiti huziweka. Ijumaa Huwaida alitia yake kwa kidole gumba, alipwe muuza boti. Jumapili wakaiona boti: mbao zimeoza. Wakaikataa, lakini sahihi ilishabaki kwa mwenyekiti.

Kidole kilikuwa mfukoni mwa shati la Jamaludin, kikichezacheza.

"Nipe changu, Bwana."

"Sahihi hairudishwi, Bi Huwaida. Wewe na Fahima kaifuteni kwenye mnyororo, nti nzima, Ndau yote, ione mwanishuku."

Muuza boti ni mkwe wa Jamaludin, na Shifaa, bintiye Huwaida, alikuwa na mimba ya miezi minane. Akamkimbilia Fahima.

"Nimuaibishe Jamaludin, shemeji yangu, mbele ya watu?" Fahima akasema. "Astaghfirullah! Tumsitiri, dada. Huenda asiitumie."

Siku tatu Huwaida hakulala. Alhamisi baada ya alasiri kidole kilipita chini ya mlango, kikapanda mkononi, kikajishikiza mahali pake. Kilikuwa na joto. Simu ikalia: malipo yamekamilika, na anwani ya kripto ya Huwaida imo kati ya walioidhinisha.

Boti ile ile ikaja imepakwa rangi ya kijani, ikasomewa dua. Watu wakampa Huwaida hongera, naye akaitikia.

Uchungu ulimshika Shifaa Jumanne asubuhi. Jamaludin mwenyewe alishika kamba, Fahima akatandika godoro. Walipofika katikati ya mlango wa bahari, godoro lilikuwa limelowa, na miguu ya Huwaida ilikuwa ndani ya maji. Fahima alitazama kando.

"Mama, boti yavuja?" Shifaa akauliza.

"Ni mawimbi tu yamerukia ndani, mwanangu," Huwaida akasema. "Lala."