Sindano Tatu za Dokta Nusu

Mtaani walimwita Dokta Nusu, na mwenyewe hakuona ubaya. Ukifika kwenye duka lake la dawa ukataka vidonge sita, anakukatia sita, hata kama karatasi ya daktari imesema ishirini na moja. Haba na haba hujaza kibaba, alikuwa akisema. Kwa mtu anayeweka mchele, sawa.

Asubuhi hiyo alikuwa wodini, amekaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake. Jicho la kushoto la mama lilikuwa limevimba mpaka limejifumba. Miaka miwili sainasi zilikuwa zikimsumbua: makamasi ya kijani, harufu mbaya puani, kichwa kizito kila akiinama kufagia. Na miaka miwili mwanawe alikuwa akimtibu. Vidonge siku tatu. Akipata nafuu anaacha, vilivyobaki vinawekwa. Ugonjwa ukirudi, mpenda mama huyu analeta vingine vikali zaidi. Mwezi uliopita alimchoma ile sindano anayoiamini kuliko zote. Alimchoma tatu tu, kwa kuwa siku ya nne mama aliamka akiimba.

Daktari, dada mmoja asiye na maneno mengi, alivuta kiti.

"Mama, usaha wa puani tumeupeleka maabara, lakini majibu ni keshokutwa na jicho hili halitusubiri. Usaha ukipenya ndani unaweza kukupofua, au ukafika kwenye ubongo. Nataka nianze dawa sasa hivi. Umeshatumia antibiotiki zipi? Maana bakteria wakishakuwa sugu kwa dawa fulani, nikikupa hiyo ni kazi bure."

"Za kumeza tu, binti yangu. Nilinunua mwenyewe, sokoni."

"Na sindano?"

"Mimi na sindano wapi na wapi!"

Mama alimtazama mwanawe kwa jicho lile moja, na mwanawe akaelewa. Alikuwa anamkingia kifua.

Daktari akaandika. Miaka kumi na mitano ya kusoma miandiko ya madaktari, hata iliyopinduka juu chini, haikupotea bure kwa Dokta Nusu. Ilikuwa sindano ile ile.

Akisema, leseni imekwenda na maji, maana ile dawa haitolewi bila karatasi, na hakuna aliyemruhusu kumchoma mtu. Akinyamaza, pengine itafanya kazi. Pengine. Mara ngapi amewaambia watu pengine? Alimwona muuguzi akija na trei, akaona chupa ndogo yenye kifuniko anachokifahamu, akaona mkono wa mama ukinyooshwa kwa utiifu wote.

"Msimchome hiyo!" Sauti ilimtoka kubwa mpaka wa kitanda cha pili wakageuka. "Nilimpa mimi. Mwezi uliopita, tatu. Na kabla ya hapo vidonge vya kila aina, siku tatu tatu. Nina duka la dawa. Ni mimi."

"Mwanangu, nyamaza!" mama alifoka.

Daktari hakufoka. Alifuta alichoandika, akaandika kingine, akampa muuguzi karatasi. "Kimbia stoo." Kisha akamgeukia Dokta Nusu. "Tumebakiwa na hiyo moja. Nayo ikigoma, sina nyingine ya kumpa mama yako."

Dokta Nusu aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

"Hizo za siku tatu tatu," daktari akaendelea, "umempa nani mwingine?"

Mama ndiye aliyeinuka kwenye mto, kichwa kikimuuma hivyo hivyo, kumtetea mwanawe.

"Mtaa mzima!" alisema kwa fahari. "Wakubwa kwa wadogo. Mwanangu hajawahi kumrudisha mtu mikono mitupu."