Milango Arobaini na Mmoja

Miaka mitatu, kila akitoka kazini, Okinyi alijifungia na mchezo wake wa kompyuta, akiutengeneza peke yake. Ulikuwa mchezo wa kizamani wa picha za miraba, ambamo shujaa huzunguka vijijini, huongea na watu na kupigana na mazimwi kwa zamu. Aliwatumia marafiki kumi na wanne. Wote walimjibu "moto sana!" na hakuna hata mmoja aliyevuka kijiji cha kwanza. Sifa hizo za bure zilimkera kuliko matusi. Jumamosi angeuonyesha mjini kwenye maonyesho, na alitaka ukweli kabla hajaumbuka mbele za watu.

Jumatano akambebea kompyuta mwenye nyumba wake hapo Makindye, Hajati Salme, mwalimu wa Kurani, mama asiyejua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Hajati akavaa miwani, akampeleka shujaa hadi mlango wa kwanza, kisha akatulia.

"Hajati, mbona umesimama?"

"Nangoja wenyewe."

"Ingia tu. Michezo hii ndivyo ilivyo. Unaingia nyumba yoyote, unafungua makasha, unachukua."

"Nyumba ya watu? Bila hodi?" Akamtazama juu ya miwani. "Banange, jamani, mama yako kule Busia alikulea hivyo? Huyu si shujaa, ni mwizi. Mimi siingii."

Okinyi alifura. Alitaka kumwambia hajui michezo. Halafu akakitazama kijiji chake upya, na aibu ikamshika: ndani ya nyumba zake mlikuwa na makasha tu, watu hakuna. Alikuwa ameiga michezo ya utotoni mwake, pamoja na utovu wake wa adabu.

Akaomba ruhusa kazini. Milango arobaini na mmoja, yote akaiwekea hodi, na ndani mtu wa kuitika. Mmoja anakaribisha, mwingine yuko shambani, bibi mmoja anauliza kwanza wewe ni mtoto wa nani. Vidole vilikufa ganzi, hakuacha.

Ijumaa baada ya swala Hajati akampeleka shujaa kwenye mlango ule wa kwanza, akapiga hodi. "Karibu mgeni," maandishi yakajibu. Akaingia.

"Na maji hawanipi?"

Okinyi akaandika daftarini: maji.

Hajati akavuka kijiji cha kwanza, akavuka cha pili. Alasiri wanafunzi wake wakafika mlangoni.

"Hodi, Hajati! Hodi!"

Hajati, ambaye maishani hakuwahi kuacha hodi ya mtu bila jibu, hakusikia. Alikuwa akimweleza yule bibi yeye ni mtoto wa nani. Okinyi akainuka, akaenda kuwakaribisha watoto mwenyewe.