Alama Isiyosogea

Waliokuwepo uani Jumamosi ile, saa nne asubuhi, ni hawa: mama mzazi wa marehemu shemeji yangu, ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango wa jikoni; dada yangu mkubwa, mjane wa marehemu na sasa mwenye lori; dereva, ambaye kwa mwendo wake wa kobe alipachikwa jina la Taratibu; na mimi, mwalimu wa ufundi wa magari chuoni. Lori lilikuwa katikati ya ua, boneti wazi. Marehemu hakuwepo, ila sote tulikuwa tumeacha nafasi ya mtu mmoja upande wa kushoto wa injini, alipozoea kusimama, na hakuna aliyeambiwa aiache.

Miezi mitano kabla ya siku hiyo, lori hilo la petroli, likiwa limebeba saruji, lilikata nguvu katikati ya mlima unaopanda kwenye tangi la maji. Taratibu alikuwa kwenye usukani. Shemeji alishuka na jiwe ili aliegemeze nyuma ya gurudumu, na kabla hajainama vizuri lori likarudi nyuma. Taratibu alieleza kwamba injini ilizima, na ilipozima kanyagio la breki likawa gumu kama ukuta. Mkaguzi alilijaribu lori kesho yake kwenye barabara tambarare, akaandika kwamba injini ni nzima na breki ni nzima. Tangu hapo maneno ya Taratibu hayakuwa na pa kushika.

Halafu yakaanza mengine. Dada aliajiri dereva mpya. Lori lilifika palepale mlimani likaishiwa nguvu, akaligeuza akarudisha funguo. Akaja wa pili, naye akarudi vilevile, uso umempauka, akasema hapandi tena gari lenye mwenyewe. Ndipo Mama alipotoa tafsiri yake, na tafsiri hiyo ikaenea ukoo mzima: mwanawe analishika lori kwa nyuma, na atalishika mpaka aliyemuua atamke. Jioni ya Jumamosi hiyo ukoo ulikuwa ukutane. Taratibu aliitwa aje atubu. Dada, ambaye hakupenda jambo hilo lakini hakuwa na la kulizuia, aliniomba nilipime gari kwanza.

"Pima, Mwalimu," Mama alisema. "Pima mpaka uchoke. Vipimo vyako havimfikii aliko."

"Mama, mwache afanye kazi," dada alisema.

"Nimemziba mikono?"

Taratibu alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Alinisogelea akanong'ona: "Mwalimu, nikisema nilikanyaga vibaya, watoto wangu wataishi na jina hilo. Nisiposema, mama huyu hatalala. Sasa nifanyeje?"

"Kwanza ingia uwashe," nilimjibu. "Taa ya onyo kwenye dashibodi inawaka?"

"Itawakaje? Marehemu bosi alishang'oa glopu yake mwaka juzi. Alisema inamkodolea macho kama mama mkwe."

"Nimesikia hiyo," Mama alisema kutoka kwenye kiti chake.

Dada alicheka kidogo, kicheko cha kwanza nilichokisikia kwake tangu mazishi, kisha akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

Ni lazima nieleze kazi yenyewe, maana bila kuielewa hayatafahamika yaliyofuata. Ndani ya injini ya petroli, cheche ya plagi haitakiwi kuruka wakati pistoni imeshafika juu. Inatakiwa itangulie kidogo. Kiasi cha kutangulia ndicho mafundi wanachokiita taimingi. Injini inapoongeza kasi, cheche nayo hutakiwa itangulie zaidi. Zamani kazi hiyo ilifanywa na vyuma na springi. Katika lori kama hili hufanywa na kompyuta ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi. Kwa hiyo anayetaka kupanga taimingi ya msingi huanza kwa kuifungia kompyuta nje: huchomoa waya mmoja maalumu, huzungusha distributa, chombo kinachozigawia plagi umeme, mpaka alama iliyo kwenye puli ya mbele isimame kwenye namba yake, hukaza boliti, kisha huurudisha waya. Asipouchomoa, kompyuta itamsahihisha na atakuwa anatwanga maji. Asipourudisha, injini itawaka, itanguruma vizuri uani na kwenye tambarare, lakini kompyuta haitaisogeza tena cheche, na ni taa ya onyo tu itakayomwambia. Ikipewa mzigo na mlima, itapata joto, italegea, itazima.

Haya nimeyafundisha kwa miaka kumi na tisa. Nina orodha yake ya hatua kumi, nimeibandika ukutani karakana.

Nilifunga taa ya taimingi kwenye waya wa plagi ya kwanza. Taa hii humulika kila cheche inaporuka, na kwa kuwa humulika kwa mpigo mmoja na mzunguko, puli inayozunguka kwa kasi ya kutisha huonekana imesimama tuli. Hata baada ya miaka yote hiyo sijaizoea hali hiyo. Feni inavuma, mkanda unakimbia, chuma kizima kinatetemeka, na katikati yake ule mstari mweupe uliopakwa rangi umetulia, unakutazama.

"Ongeza mafuta taratibu," nilisema.

"Jina langu hilo," Taratibu alisema, akakanyaga.

Injini ilipaza sauti. Nilisubiri mstari uhame. Katika injini iliyo sawa, mstari hukimbia mara moja, huipita namba yake na kwenda zake, kwa kuwa kompyuta imeitanguliza cheche. Huu haukuhama.

"Ongeza tena."

Akaongeza. Masufuria jikoni yakaanza kugongana. Mstari ukabaki palepale, kwenye namba ileile, kama umewekewa kidole.

Mama alikuwa ameinuka. Sikumwona akija; nilihisi tu bega lake karibu na langu, na mikono yake ikishika ukingo wa bodi. Aliinama akatazama mahali nilipokuwa namulika.

"Gari lote linakwenda," alisema polepole, "na hicho hakiendi."

"Ndiyo, Mama."

"Umeona sasa. Amelishika."

Kompyuta ilikuwa imefungiwa nje. Nilimwashiria Taratibu azime. Nilipitisha mkono nyuma ya injini, karibu na ukuta wa kabini, nikaufuata ule waya mmoja kwa vidole, bila kuuona. Niliufikia mwisho wake haraka kuliko ilivyopaswa. Ulikuwa umechomolewa. Ncha yake ilikuwa imevingirishwa utepe wa plastiki ili isiguse chuma, na mwisho wa utepe ulikuwa umekunjwa mara mbili, ukaacha kipande cha kushika cha upana wa kucha.

Nikauvuta kwenye mwanga. Utepe wa bluu.

Kukunja mwisho wa utepe hivyo ni mazoea yangu mimi. Nimewalazimisha wanafunzi wangu wote wakunje vivyo hivyo, shemeji akiwa mmoja wao kabla hajamwoa dada, ili anayekuja kuufungua asihangaike na kucha. Na utepe wa bluu hutoka stoo ya chuo.

Jumapili, siku moja kabla ya ajali ya mlimani, shemeji alikuwa amefunga distributa mpya akaniita nimpangie taimingi. Yeye alipanga kwa sikio maisha yake yote na alizicheka orodha zangu, lakini siku ile alisema mzigo wa kesho ni mzito, anataka iwe ya kitabu. Nilipanga ikawa ya kitabu. Nilikaza boliti. Hapo Mama akaita kutoka mlango huuhuu wa jikoni kwamba chakula kinapoa, na shemeji akanisukuma begani: "Mwalimu, mama hangoji mtu, kanawe." Nilifunga boneti. Nakumbuka sabuni, nakumbuka taulo, nakumbuka nilivyojisifu mezani kwamba sijawahi kuruka hatua. Waya siukumbuki.

"Umepata nini?" dada aliuliza.

"Waya huu," nilisema. "Ulichomolewa wakati wa kupanga taimingi, haukurudishwa. Ndiyo sababu gari halipandi. Ndiyo sababu lilizima siku ile, na injini ikizima breki hukosa msaada wake."

Taratibu alishuka. Aliutazama waya mkononi mwangu, akaketi kwenye bampa ghafla, shati jeupe na yote. "Kwa hiyo lilikata nguvu kweli," alisema. "Nilisema. Mara ngapi nilisema?"

"Ulisema," dada alimjibu.

"Mpaka nikaanza kujiuliza mwenyewe. Usiku nakanyaga breki kitandani, mke wangu ananiamsha." Akafuta uso. Kisha, kwa huruma ambayo sikuistahili, akatafuta njia ya kutupumzisha sote: "Basi bosi alisahau. Alikuwa na haraka, na huo mkunjo ni wewe uliyemfundisha. Ni ajali, Mama. Hakuna mtu."

Mama alinitazama. "Ni yeye mwenyewe? Mwanangu alijisahaulia?"

Ilikuwa njia pana na wameifagia wenyewe. Ningeurudisha waya pale pale, lori lingepanda mlima kabla ya adhuhuri, Taratibu angekwenda nyumbani na jina lake, na marehemu asingekuja kunikanusha. Nilitazama mikono ya Mama juu ya bodi. Angemlilia mpaka mwisho wa siku zake mwana aliyejiua kwa uzembe. Dada alikuwa ameukazia macho utepe. Alinijua tangu nikipanga viatu vya nyumba nzima kwa ukubwa. Hakunisaidia.

"Mama, naomba ukae," nilisema.

"Nitasikia nikiwa nimesimama."

"Marehemu hakuwahi kuchomoa waya huu. Alipanga kwa sikio. Utepe huu ni wangu, niliufunga mimi ile Jumapili, ukatuita tukale, nikaenda bila kuurudisha waya. Hakuna anayelishika gari. Ni mimi niliyeliachia."

Mama aliondoa mkono mmoja kwenye bodi, akauweka kifuani, akangoja nimalize.

"Nimeamua hivi," nikawaambia. "Waya siurudishi, Taratibu aite fundi mwingine aurudishe yeye, maana mimi sitaligusa tena lori hili. Jioni ukoo ukikutana, Taratibu atakaa kwenye viti pamoja na wengine, na atakayesimama katikati ni mimi."