Ubao wa Kofia Bwawani

Mama mwenzangu, shule zikifungwa na mji mzima ukaanza kukupigia kelele za kambi za watoto, maputo na mabwawa ya kuogelea, keti kwanza unisikilize. Hawa watu hawapendi watoto. Wanapenda shughuli. Mtoto kwao ni kitu cha kuvalishwa fulana yenye nembo na kupangwa mstari, ili siku ionekane imejaa.

Mimi nilikuwa na likizo yangu kichwani. Kitindamimba wangu angecheza kwenye uwanja wa ghorofa yetu, tungeshona nguo za midoli, na jioni tungezunguka mtaani kutazama madirisha ya maduka. Wifi yangu aliposikia hivyo alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Huyu wifi ni mtu wa kupanga. Shule hazijafungwa, yeye keshapanga: leo kuogelea, kesho kuchora, keshokutwa makumbusho, na binti yake anazungushwa humo kama nguo kwenye mashine, anatoka safi na hoi. Akanieleza kwamba mtoto wa mjini akikaa nyumbani likizo nzima anadumaa akili.

"Wewe wifi," akasema, "ungeweza ungemfungia huyu mtoto kabatini mpaka siku ya kuolewa."

Kaka yake, yaani mume wangu, akacheka naye. Nikashindwa.

Bwawa lenyewe lilikuwa juu ya paa la jengo la maduka. Upande mmoja palikuwa na bomba kubwa la plastiki la kuteleza, limefunikwa juu na chini, limejisokota kama utumbo. Mtoto anaingilia juu, maji yanamsukuma gizani, anatokea bwawani akipiga kelele. Aliyekuwa akiwaruhusu kuingia ni bwana mmoja mwenye kitambi na kaptula ya kubana. Nitamwita Bwana Filimbi, maana zaidi ya filimbi sikuona alichokuwa nacho.

Utaratibu wao ulikuwa huu. Kila mtoto anavaa kofia ya mpira yenye namba. Akitoka majini anaitundika kwenye ubao, kwenye kulabu ya namba yake. Kulabu zikijaa, basi watoto wote wametoka, na kundi lingine linaingia. Nikamuuliza Bwana Filimbi kama hawahesabu watoto wenyewe. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa iwapo maji yanalowesha. Akasema watoto wanakimbiakimbia, kofia hazikimbii.

Wifi akanivuta tukakae kwa wazazi, nyuma ya kioo, ambako muziki unakutoboa masikio na bwawa unaliona nusu. Wazazi walijaa humo, na kila mmoja ameinamia simu anatafuta pa kumpeleka mtoto kesho. Mtoto wa leo hakuna aliyemtazama. Mimi nilibandika uso kwenye kioo mpaka wifi akasema namwaibisha.

Zamu ikaisha, watoto wakamiminika. Binti wa wifi akaja na taulo mabegani. Wangu sikumwona. Nikamuuliza mpwa wangu, akanieleza taratibu kwamba walikuwa pamoja kwenye foleni ya bomba. Mwenzake kofia ilikuwa inamuuma kwa sababu alisukwa nywele jana, kwa hiyo akaivua akampa amshikie. Nikamuuliza kofia iko wapi. Akasema ameitundika pamoja na yake, kwa sababu waliambiwa isipotee hata moja. Mtoto mtiifu, simlaumu hata chembe. Amelelewa na kofia.

Nikatoka mbio. Nilipofika kwenye ubao, kulabu zote zilikuwa zimejaa. Kundi la watoto wakubwa, wale wenye miguu mirefu na mabega, lilikuwa limepanga foleni kwenye ngazi ya bomba. Maji ya bombani hufungwa kati ya zamu na zamu, na sasa yalikuwa yanangoja kufunguliwa. Bwana Filimbi alikuwa juu, mkono kwenye koki. Nikamwita nikamwambia mtoto wangu hajatoka.

"Mama, tazama ubao," akasema. "Umejaa."

"Nilizaa mtoto, baba. Sikuzaa kofia."

Watu wakacheka. Wifi naye kafika, ananishika kiwiko, ananinong'oneza kwamba mtoto atakuwa kwenye aiskrimu, nisiwaharibie watoto wa watu likizo. Kwenye aiskrimu, na miguu mitupu, bila mtu! Nilipanda ngazi nikiwapita wale watoto wakubwa mmoja mmoja, na mmoja akasema bibi naye anataka kuteleza. Nikafika juu, nikaketi kwenye mdomo wa bomba, nikaujaza. Bwana Filimbi alipuliza filimbi mpaka mashavu yakavimba. Nilichomfanyia ni kugeuza shingo tu, nikamwambia akiigusa ile koki tutateleza wote wawili.

Nikaita ndani. Nikaita tena kwa lile jina la utani la nyumbani, ambalo hata baba yake halitumii mbele za watu.

"Abee, mama," likajibu bomba.

Nikaingia. Bila maji plastiki haitelezi, kwa hiyo nilijikokota kwa visigino na viganja, gauni limepanda, harufu ya dawa ya maji imenishika koo. Nilimkuta kwenye kona ya pili, amekunja magoti, meno yanagongana. Maji yalifungwa yeye yuko katikati. Nikamuuliza kwa nini hakupiga kelele. Akasema aliambiwa akikwama asiinuke wala asirudi nyuma, asubiri filimbi. Na filimbi, alisema, alizisikia nyingi, hakujua yake ni ipi.

Tukashuka naye mapajani mwangu, tukaangukia bwawani na gauni langu lote. Nilipofuta macho nikasikia makofi. Wazazi walikuwa wamesimama, simu juu, wanashangilia. Walidhani ni mchezo wa kufungulia zamu. Wifi alikuwa mbele yao, anapiga picha.

Meneja alikuja na taulo. Usidhani lilikuwa la mtoto, lilikuwa la kulifunika lile gauni, kwa sababu nguo za mitaani haziruhusiwi majini. Akanihakikishia kwamba wameliona tatizo na watalitatua: kuanzia kesho kofia zitakuwa na mkanda wa kidevuni ili zisivuliwe ovyo. Bwana Filimbi akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyesikia hekima.

Nikamfunga mwanangu lile taulo, nikamshika mkono. Mkono wa pili nikamshika mpwa wangu, nikatoka nao. Mlinzi wa getini akatuaga, karibuni tena. Hakuna aliyeniuliza huyu wa pili ni wa nani.

Simu ya wifi ilinikuta nyumbani, watoto wameshaoga wamekula, wamelala kitanda kimoja. Alianza na picha: watu wameipenda sana, nimetoka vizuri, ila nifumbue macho siku nyingine. Halafu akaja kwenye makumbusho ya keshokutwa. Mwisho kabisa, kama mtu anayekumbuka mwavuli, akauliza binti yake yuko kwangu?

"Tazama ubao, wifi," nikamjibu. "Umejaa."