Maneno Kumi na Moja

Tangazo lilikuwa ukutani, juu ya ndoo ya maji, limebandikwa kwa pini nne. Jina langu pale chini lilikuwa limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Mama mdogo alifundisha shule ya msingi hadi akastaafu, na kalamu nyekundu hazikumwishia. Tulikuwa tumetoka kumzika. Watu walikuwa uani wanakula, nami nimesimama jikoni kama mtu aliyetumwa kitu akakisahau.

Wiki mbili kabla, fundi wa maabara aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi. Bomba la maji taka lilikuwa limepasuka jirani na bomba kuu, na vipimo vilikuwa vibaya. Niliandika palepale, nyuma ya bahasha: "Msinywe maji ya bomba bila kuyachemsha. Yamechanganyika na maji ya choo." Maneno kumi na moja. Nimeyahesabu mara nyingi tangu siku hiyo.

Pale Mamlaka ya Maji, tangazo halikutoka mpaka lipite meza tano, na aliyelipitisha bila kuligusa alionekana hajafanya kazi. Mkuu wa ubora akaondoa choo, eti ni lugha ya mtaani. Mhasibu hakuwa na la kusema, akaongeza koma. Mkuu wa kitengo changu, tuliyemwita Bwana Ikumbukwe kwa namna alivyoanza kila barua, akalianza kama kawaida yake. Faili lilitembea siku mbili, na siku hizo mbili watu walikuwa wanakunywa.

Mwanasheria ndiye aliyefuta "msinywe".

"Tukiwaambia wasinywe, tumekiri kosa," aliniambia kwa upole. "Sema tunachukua hatua."

Nikasema. Ikumbukwe kwamba, kufuatia mabadiliko ya muda katika viwango vya ubora, Mamlaka inaendelea kuchukua hatua stahiki, na inawasihi wateja kuzingatia kanuni za afya. Nilijua halifai. Nilikuwa nimechoka, mkurugenzi alikuwa anasubiri, nikaweka sahihi.

Niliwaza kumpigia mama mdogo, ambaye ndiye aliyenilea. Kanuni ilikataza kuwatonya ndugu kabla tangazo halijatoka. Lilipotoka, nikajiambia hakuna haja, maana alikuwa anasoma kila nilichoandika, hata ratiba za kukatika kwa maji, na alikuwa na tabia ya kunipigia simu kunisahihisha. Safari hii hakupiga. Nikafurahi kwamba hakuona kosa.

Alianza kuhara siku ya nne, akaona aibu kumwambia mtu. Alipofikishwa hospitali figo zilikuwa zimeshachoka. Nilikaa kando ya kitanda chake siku mbili nikimlowanisha midomo kwa maji ya chupa. Sikulia pale, wala makaburini. Shangazi zangu walinong'ona kwamba nina moyo mgumu, nami sikuwa na nguvu ya kuwabishia.

Sasa ni miaka saba. Kiti cha Bwana Ikumbukwe nimekikalia mimi. Kila tangazo, kabla ya kusaini, namsomea mama anayetupikia chai na kumuuliza atafanya nini akifika nyumbani. Asipojua, nalirudisha. Wenzangu wananitania kwamba yeye ndiye mkurugenzi. Mimi hucheka nao, kisha narudi kusoma.

Siku ile ya mazishi, jirani yake mshonaji ndiye aliyenikuta jikoni. Alikuwa amebeba sinia la vyombo vichafu. Alitazama macho yangu yalikoelekea.

"Alijivunia sana hilo," alisema. "Alinisomea lote, mpaka jina lako. Nikamuuliza, sasa mwalimu, linasemaje? Akasema, linasema tusiwe na wasiwasi, mwanangu yuko kazini."

Aliweka sinia chini, akatoka. Nilizing'oa pini moja moja, nikazitia mfukoni pamoja na karatasi. Kisha nikainua kifuniko cha ndoo. Ilikuwa imejaa nusu, maji meupe kabisa, na kata yake ikielea juu. Nikaibeba hadi mlango wa nyuma, nikaimwaga. Nikarudi kulichukua dumu lililokuwa chini ya meza, nalo nikalimwaga. Ndani ya birika kulibaki kikombe kimoja hivi cha maji ambayo mama mdogo alikuwa hajayachemsha.